Zoezi Lisiloweza Kushindwa

Katika nchi zinazopata umeme kwa nguvu za nyuklia iko desturi ambayo wengi wetu hatujapata kuiona. Siku iliyopangwa, wakuu wa kituo, wazima moto, polisi, waganga, walimu na wakuu wa wilaya hushika kila mmoja mahali pake, kisha huambiwa kwamba maji ya kupoza kinu yamekatika, au bomba limepasuka, au mionzi imeanza kutoka nje. Hakuna hata moja la hayo lililotokea. Kinu chaendelea na kazi yake, na taa za mjini zawaka kama jana. Lakini watu wote hao wapaswa kutenda kana kwamba mambo ni ya kweli: kupima upepo unaelekea wapi, kupiga ving'ora, kuandika tangazo la redio, kuamua vijiji gani vihame na vipi vijifungie ndani, na kupanga jinsi ya kugawa vidonge vya ayodini vinavyoikinga tezi ya shingo. Kila habari ipelekwayo kwa simu hutanguliwa na maneno kwamba hili ni zoezi, asije mtu akasikia nusu na kukimbia.

Nyuma ya watendaji hao wako wengine ambao kazi yao haionekani, nao ni watungaji wa kisa. Kwa miezi mingi wameketi wakipanga saa kwa saa kitu gani kitaharibika, nani ataambiwa kwanza, simu ipi haitapokelewa. Kisa hufichwa kwa wale watakaojaribiwa. Siku yenyewe watungaji hutembea na makaratasi yao wakitoa habari moja baada ya nyingine, na wakaguzi huandika nani alichelewa na nani alisahau. Nchini Marekani mambo haya yalikazwa baada ya ajali ya kituo cha Three Mile Island, tarehe 28 Machi 1979, iliyowakuta wakuu wa jimbo la Pennsylvania bila mipango ya kutosha. Siku 2 baadaye gavana aliwashauri wajawazito na watoto wadogo waliokaa ndani ya maili 5 waondoke, na watu wapatao 140,000 walijiondokea wenyewe. Tangu hapo kila kituo hufanya zoezi kubwa pamoja na serikali za mahali kila miaka 2, na mipango ya kuwakinga watu na mionzi iendayo kwa upepo huhusu eneo la maili 10, yaani kilomita 16, kukizunguka kituo.

Twataka leo kulitazama jambo hili kwa upande wa dhamiri, tukiwaachia mafundi yaliyo ya ufundi. Maana mtungaji wa kisa anao uwezo wa ajabu. Yeye ndiye anayeamua adui atakuwa na nguvu kiasi gani. Akipenda, bomba litapasuka mchana wa Jumanne, barabara zikiwa kavu, madereva wote wakiwa kazini, na kufika jioni kila kitu kitakuwa kimetengenezwa. Hapo wakuu watapeana mikono, magazeti yatapiga picha, na wananchi wataambiwa kwamba zoezi limefaulu. Swali letu ni hili: je, mtu aliyelipanga zoezi ili lifaulu amesema uongo?

Yeye mwenyewe atajitetea kwamba hakutamka hata neno moja lisilo kweli. Atasema zoezi lilifanyika, na yaliyoandikwa ndiyo yaliyoonekana. Nasi twajibu kwamba hata hivyo amedanganya, tena kwa namna iliyo mbaya kuliko ya ulimi, kwa sababu zoezi ni ushuhuda unaotolewa mbele ya majirani. Mama anayelaza watoto wake kilomita 3 kutoka kwenye kinu hawezi kukagua pampu wala kusoma michoro ya mafundi. Analo neno moja tu la kulitegemea, kwamba watu waaminifu walijaribu na wakaona kuwa yawezekana kumwokoa. Neno hilo likiwa limetengenezwa mezani kabla ya kujaribu, usingizi wa mama yule umejengwa juu ya mchanga.

Na tutazame yaliyotokea Japani. Nchi ile haikukosa mazoezi. Baada ya ajali ya kiwanda cha Tokaimura ya mwaka 1999 ilitungwa sheria mpya, na serikali kuu ikawa ikifanya zoezi la taifa kila mwaka. Mwezi wa Oktoba 2010 zoezi hilo lilifanyika katika kituo cha Hamaoka, na waziri mkuu mwenyewe akashiriki. Miezi 5 haikwisha. Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana, nchi ilitetemeka na bahari ikainuka, na katika kituo cha Fukushima Daiichi umeme wa kupoza vinu ukazimika. Tume iliyoundwa na bunge la Japani, ambayo ilitoa taarifa yake mwezi wa Julai 2012, iliona kwamba mazoezi ya miaka yote ile hayakufikiria ajali kubwa ya kinu iliyochanganyika na tetemeko na mafuriko ya bahari. Yalikuwa yamefanyika kwa kutimiza desturi.

Matunda yake yalionekana mara. Iko nyumba iliyojengwa kilomita 5 hivi kutoka kwenye kituo ili iwe makao ya kuongozea shughuli za uokoaji, na katika mazoezi wakuu walizoea kukutana humo. Siku ya ajali nyumba ile ilikosa umeme na simu, wala haikuwa na vichujio vya kuzuia hewa yenye mionzi. Ikabidi wakuu waihame. Ulikuwako mtambo wa kukisia mionzi ingeelekea wapi, na mtambo huo ulitumika katika mazoezi. Ulipohitajiwa kwa kweli, makisio yake hayakuwafikia waliokimbia, na watu wengi wa mji wa Namie wakakimbilia upande wa Tsushima, ambako ndiko mionzi ilikokuja kuelekea. Saa 3:23 usiku ule serikali ilipoamuru watu wa kilomita 3 waondoke, tume ile iliona kwamba katika mji wenye kituo ni mmoja tu katika kila wakazi 5 aliyekuwa na habari ya ajali.

Waliolipa zaidi ni wale ambao katika mazoezi hawakuwa na sauti. Katika hospitali moja iliyokuwa karibu na kituo walikuwamo wagonjwa wengi wasioweza kuinuka kitandani. Baadhi yao waliwekwa katika mabasi, wakazungushwa kwa saa nyingi katika safari ya zaidi ya kilomita 200, bila mganga wa kuwaangalia njiani. Tume ya bunge ilihesabu wagonjwa na wazee 60 waliotolewa katika hospitali na nyumba za wazee za eneo la kilomita 20, ambao walikufa kabla ya mwezi wa Machi kwisha. Waliua watu hawa uchovu, baridi na kukosa matunzo, si mionzi. Twajiuliza: mipango ingalikuwaje kama mtungaji wa kisa angaliandika, hata mara moja, kwamba wako wagonjwa 100 wasioweza kuketi, na magari ya kuwabeba hayapo?

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni makosa ya uzembe, na kwamba mtu mwenye moyo mwema hawezi kupanga zoezi la kuwadhuru watu. Ndiyo maana twataka kutaja jambo jingine la siku ile ile na la pwani ile ile, ingawa halikuhusu nyuklia. Kaskazini zaidi, katika mji wa Kamaishi, iko sehemu iitwayo Unosumai. Mwaka 2010 hapo palifunguliwa kituo cha kujikinga na maafa, kilichokusudiwa kuwapokea watu baada ya hatari kupita. Mahali pa kukimbilia mawimbi palikuwa mlimani. Lakini mlimani ni mbali na wazee huchoka, na watu wachache walikuwa wakihudhuria mazoezi. Basi kwa huruma, na ili watu wawe wengi, mazoezi yakafanyiwa katika kituo kile cha karibu. Bahari ilipokuja, watu walifanya kama walivyozoezwa: wakakimbilia kituoni. Zaidi ya watu 100 walifia humo.

Hapo hapo Unosumai zilikuwako shule 2 jirani, na watoto wake walikuwa wamezoezwa kwa namna nyingine. Mwalimu wa chuo kikuu, Katada Toshitaka, alikuwa amewafundisha watoto wa Kamaishi wasiyaamini makisio ya ramani, bali watende kwa nguvu zao zote na wawe wa kwanza kukimbia. Ramani ilionyesha kwamba maji hayafiki shuleni kwao. Watoto hawakuingoja ramani. Walikimbia mpaka mahali palipowekwa; walipoona kwamba hapo napo hapafai wakaendelea kupanda, wakubwa wakiwashika wadogo mikono. Watoto 570 hivi waliokimbia pamoja walipona.

Basi hapa twaona mazoezi mawili katika kitongoji kimoja. La kwanza lilipunguzwa ugumu kwa sababu njema kabisa, nalo likawafundisha watu njia ya mauti, maana mwili hukumbuka ulichozoezwa kuliko masikio yanavyokumbuka yaliyoonywa. La pili liliwafundisha watoto kuutilia shaka hata mpango wenyewe, nalo likawaokoa. Haitoshi, kwa hiyo, mpangaji kuwa na nia njema. Huruma inayomwondolea mzee kilima siku ya zoezi, na kumwachia bahari siku ya maafa, ni huruma iliyokosa macho.

Yasemwa kwa upande mwingine, na kwa haki, kwamba mwalimu huanza na hesabu rahisi. Mtu asiyejua kufungua mlango wa gari la wagonjwa hafai kupewa kisa cha tetemeko, moto na mionzi kwa pamoja. Atachanganyikiwa tu na hatajifunza kitu. Twakubali. Liko zoezi la kufundishia, na liko zoezi la kupimia. Kosa laingia pale mtu anapofanya somo rahisi, kisha akawatangazia majirani kwamba ulikuwa mtihani. Tena twakubali kwamba haifai kumwinua mgonjwa mahututi kitandani kwa ajili ya kujaribu tu, maana tungeanza kuua kwa kuogopa kuua. Lakini machela yaweza kubebwa na mtu mzima aliyejitolea kulala juu yake. Magari yaweza kuhesabiwa, njia kupimwa kwa saa, na madereva kuulizwa mmoja mmoja kama watarudi ndani ya eneo la hatari hali wakijua kwamba watoto wao wenyewe wako nyumbani. Swali hilo la mwisho halihitaji fedha. Huachwa kwa sababu jibu lake laogopwa.

Husemwa pia kwamba kuwaeleza wananchi mabaya yote ni kuwatia hofu, nao wakishtuka watafanya mambo ya wazimu. Hofu hiyo ya wakuu ni ya zamani, nasi hatuidharau. Lakini tuyapime yaliyotokea. Watu wa Namie waliokosa habari hawakukosa kukimbia. Walikimbia, ila hawakujua upande wa kwenda. Na watoto wa Unosumai, walioambiwa tangu mapema kwamba ramani yaweza kukosea, walikwenda kwa utaratibu kuliko wakubwa wengi. Anayeficha hatari haiondoi hofu. Aiahirisha tu mpaka siku ambayo hapatakuwa na nafasi ya kuituliza. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Ugumu wa tatu ndio mzito kuliko yote. Hakuna kisa kiwezacho kuyachukua maafa yote ya dunia. Mpangaji lazima aweke mpaka mahali fulani: mawimbi ya urefu huu na si zaidi, vinu viwili na si vinne. Akiweka mpaka, ametenda dhambi gani? Hakuna, tukimwuliza dhamiri yake kwa haki, mradi auandike mpaka huo na kuutaja waziwazi. Aseme: hili tumelijaribu, na hili hatukulijaribu kwa sababu hizi. Mjenzi wa daraja huandika uzito ambao daraja laweza kuchukua, wala hakuna amwitaye mwongo kwa sababu daraja lake halichukui zaidi. Angekuwa mwongo kama angelificha kibao.

Lakini je, itakuwaje zoezi likionyesha kwamba kazi yenyewe haiwezekani? Hapa ndipo moyo wa mtu hujaribiwa. Katika kisiwa cha Long Island, mashariki ya New York, kilijengwa kituo cha nyuklia cha Shoreham. Kisiwa ni kirefu na chembamba, na barabara zake za kutokea zaelekea kwenye jiji lenye msongamano. Mwaka 1983 wilaya ya Suffolk, baada ya kuchunguza, ilitamka kwamba watu hawangeweza kuondolewa salama, ikakataa kushiriki katika mipango. Gavana wa jimbo aliiunga mkono. Februari 1986 zoezi likafanyika hata hivyo bila wilaya na bila jimbo, na wafanyakazi wa kampuni ya umeme wakashika kazi ambazo zingekuwa za serikali ya mahali. Mkuu wa idara ya maafa ya serikali kuu katika eneo lile, Frank Petrone, aliandika katika taarifa kwamba zoezi la namna hiyo halikuweza kutoa hakika ya kutosha kuwa wananchi watakingwa. Aliagizwa na wakubwa wake wa Washington aliondoe neno hilo. Mwezi wa Aprili 1986 aliacha kazi kuliko kuliondoa. Tarehe 26 ya mwezi huo huo kinu cha Chernobyl kilipasuka, na mji wa Pripyat, wenye watu wapatao 49,000, haukuanza kuhamishwa mpaka kesho yake mchana.

Hatusemi kwamba watu wa Suffolk walikuwa na haki katika yote. Kituo cha Shoreham kilifungwa kwa mapatano ya mwaka 1989 bila kuanza kazi yake ya biashara. Gharama zake zilikuwa zimepita dola bilioni 5, na wananchi ndio walioendelea kuzilipa katika bei ya umeme. Mtu aweza kusema kwa busara kwamba swali la barabara lilipaswa kuulizwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Nasi twasema hivyo hivyo. Lakini hata aliyependa kituo kile kifanye kazi apaswa kumheshimu mtu aliyekataa kuandika kwamba ameona kitu ambacho hakukiona. Zoezi ambalo jibu lake laweza kuwa «ndiyo» tu si zoezi. Kulifanya ni sawa na kumwita shahidi barazani na kumwandikia maneno ya kusema.

Mambo haya si ya nchi za mbali tu. Katika bara letu kituo cha Koeberg, karibu na Cape Town, kimetoa umeme tangu miaka ya 1980. Majirani zetu nao wametangaza nia ya kujenga vituo vyao: Uganda katika wilaya ya Buyende, na Kenya, ambako mwaka 2024 wenyeji wa Uyombo, katika pwani ya Kilifi, walipinga mpango wa kujengewa kituo kwao. Kama vituo hivyo ni vya lazima au sivyo, hilo ni shauri la wenye elimu hiyo na la wananchi wa nchi hizo, na nchi zinazoendelea zahitaji umeme kweli. Lakini upepo hauonyeshi hati mpakani. Yafaa tangu sasa kila raia ajue maswali ya kuuliza, kabla saruji haijamwagwa.

Aulize ni nani atakayetunga visa vya mazoezi, na kama mtungaji huyo hulipwa au hupandishwa cheo na yule yule anayetaka kusikia kwamba yote ni mema. Aulize kama wamo katika kisa wavuvi walioko baharini usiku, mama aliyejifungua jana, kipofu, mgonjwa wa hospitali na mtoto wa shule ya bweni. Aulize kama taarifa ya zoezi itasomwa mbele ya wenyeji kwa lugha wanayoielewa, pamoja na yale yaliyoshindikana. Na aulize lini, tangu mazoezi yaanze, yalipata kushindwa. Akijibiwa kwamba hayajashindwa hata mara moja, asifurahi upesi.

Maana kushindwa siku ya zoezi ni aibu ya watu wachache kwa muda wa jioni moja. King'ora ambacho hakikulia hutengenezwa wiki ijayo. Basi lililokosa dereva hupatiwa dereva. Daktari asiyejua njia huonyeshwa njia. Wapangaji wanaotafuta kosa kwa bidii, na kulileta mbele ya wakubwa bila kulivisha nguo, wawatendea majirani zao haki ambayo pengine majirani hawatajua kamwe kwamba walitendewa. Viongozi wanaowasikiliza watu hao bila kuwakasirikia wastahili sifa kama wao. Na sisi wananchi tunao wajibu wetu: siku tutakaposoma kwamba zoezi limeonyesha upungufu, tusiwazomee walioutangaza, tusije tukawafundisha kuuficha.